Mifupa ya Wasio na Jamaa

Watu wakisikia kwamba ujana wangu niliutumia kupima nguvu za mifupa, hudhani nilikuwa navunja mapaja kwa nyundo. Huwa nakasirika kidogo, maana sivyo. Mfupa mgumu wa nje ulikuwa kazi ya wengine. Mimi nilikuwa wa mfupa wa ndani, ule wenye vijitundu, unaoupata ukipasua kichwa cha paja, pingili ya mgongo au kisigino. Ukiushika juani unafanana na mkate ulioumuka vizuri. Ndio unaobeba uzito wa mtu tangu siku anayosimama mara ya kwanza, na sijawahi kusikia mtu akiushukuru.

Hayo yalikuwa Elisabethville, mji ambao leo unaitwa Lubumbashi, katika ile miaka ambayo Katanga ilijitenga ikawa na bendera yake na stempu zake. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa msaidizi katika maabara ndogo nyuma ya hospitali, chini ya daktari Mbelgiji, mtu mpole asiyepaza sauti. Alitaka kujua mfupa wa ndani unaweza kubeba kilo ngapi kabla ya kubonyea, ili ajue ni mgongo wa mzee gani utaporomoka, na msumari wa kuunga nyonga utashika wapi.

Mashine ya kwanza aliiazima kwa wajenzi, ile ya kupimia zege. Ilikuwa na nguvu mno. Ilisaga kipande chetu kabla mshale wake haujatikisika. Basi nikatengeneza yangu: wenzo wa chuma, kipande cha mfupa karibu na bawaba, na ndoo ikining'inia mwisho wa wenzo. Ndani ya ndoo nilimimina polepole mchanga mweusi wa taka za tanuru la shaba, ambao mji wetu una mlima wake mzima. Mfupa ukishindwa, wenzo unashuka na kugonga kengele ya baiskeli niliyoifunga chini. Naacha kumimina, napima ndoo, naandika. Siku ya kwanza daktari alicheka, ya pili akaleta wageni waje kuona.

Vipande nilivikata kwa msumeno wa sonara, sentimita moja kila upande, mfano wa dadu. Ilibidi vibaki vimelowa maji ya chumvi, kwa sababu mfupa ukikauka unakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa ndani ya mwenyewe, na daftari linajaa uongo. Ilibidi pia ujue ulisimama vipi mwilini. Vijiti vyake vidogo hujipanga kufuata mzigo. Ukiuponda kwa upande ambao haukuzoea kubeba, unaanguka mapema. Kwa hiyo kabla ya kukata niliweka nukta ya wino upande uliokuwa unaelekea kichwani. Sikuwahi kukosea nukta hiyo, na nilikuwa na majivuno nayo.

Kila mfupa ulikuwa na mstari wake katika rejista: namba, mwanamume au mwanamke, umri, kazi aliyofanya, na mwisho herufi mbili, S.F. Ni Kifaransa cha hospitali, sans famille, asiye na jamaa. Siku yangu ya kwanza daktari aliniambia kwamba sheria ya nyumba ni moja: hatumgusi maiti mwenye watu wake. Nilimwamini. Bila imani hiyo nisingeweza kushika ule msumeno hata kwa wiki moja.

Aliyekuwa anajaza safu hiyo ni rafiki yangu, mtunza chumba cha maiti. Tulikua kichochoro kimoja katika nyumba za watu wa reli, tukakaa benchi moja shuleni kwa mapadri. Kwao ni kaskazini ya Katanga, kwetu ni Kasai, lakini baba zetu walipigilia misumari ya reli pamoja kwenye njia ya Sakania, na mama yangu alikuwa akipakua sahani yake bila kuuliza kama anakuja. Kisha Katanga ikajitenga, na mimi niliyezaliwa pale, nikabatizwa pale, nikaanza kuitwa mugeni. Yeye hakuniita hivyo hata siku moja, na hilo nalisema kwa haki.

Nilipaswa kushtuka mapema. Mwaka ule wasio na jamaa waliongezeka. Rafu zetu zilijaa mitungi, visigino na pingili, S.F., S.F., mpaka chini ya ukurasa. Sikujiuliza wametoka wapi watu wote hao wasio na mama, wala mke, wala binamu, katika mji ambao huwezi kukohoa bila shangazi kuja na dawa. Nilifurahi. Naliandika neno hilo kwa sababu ndilo la kweli. Daktari alikuwa amelalamika muda mrefu kwamba vipande havitoshi, na sasa vilitosha.

Baridi ya mwezi wa sita ilimwangusha baba kifua, akalazwa hospitali hiyohiyo. Alipokuwa bado hapo, vijana wa chama kilichotawala Katanga wakaanza kupita mitaani na minyororo ya baiskeli, wakiweka alama kwenye milango ya watu wa Kasai. Majirani zetu wa kulia waliondoka Jumatatu. Sisi tulipata alama yetu Jumatano. Watu walikuwa wanakimbilia kambi nje ya mji, mahema na vibanda vya mabati chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za bluu. Mama hakutaka kwenda. Baba hakuweza kubebwa. Hata kumgeuza kitandani pumzi ilikuwa inakatika.

Nilikwenda kumuaga. Alinisikiliza, akafumba macho, akasema kwa Kiswahili cha mji wetu, ambacho ndiyo ni njo na wao ni bao, "Peleka mama yako. Kama nakufiya huku, makucha yangu na nywele bapeleke kwetu. Njo kitu moja ninaomba."

Kwetu mtu akifia mbali, hukatwa kucha na nywele, zikasafirishwa hadi kijijini, zikazikwa kwa ukoo wake kama ambavyo angezikwa mwenyewe. Bila hizo mtu huyo bado yuko njiani. Matanga hayawezi kumalizwa, na mtoto hawezi kupewa jina lake. Anayekata ni mwana au ndugu wa damu, na zikifika, wazee huuliza ni nani aliyekata, maana hawazipokei kutoka mkono usiojulikana. Mkono huo ulipaswa kuwa wangu.

Nikashuka chumba cha maiti, nikamkuta rafiki yangu anaosha meza. Nikamweleza yote, hata habari ya kucha. Akaweka brashi chini.

"Baba iko ya sisi wote," akasema. "Weye peleka bamama. Mi nitabaki naye. Kama kinatokea kitu, nitamukata mi mwenyewe."

Tukashikana mikono. Nikaondoka na moyo uliotulia, na kwa hilo nimejilaumu kuliko kwa mengi mengine.

Wiki ya pili alikuja kambini. Alivaa koti lake jeupe la hospitali, akapita vizuizi vya pande zote mbili, mtu wa Katanga peke yake kati ya maelfu ya watu ambao Katanga ilikuwa imewafukuza. Wangeweza kumpiga mpaka asinyanyuke. Alisimama mbele ya hema letu, akavua kofia.

"Mama, baba alilala. Nilimufunga macho mi mwenyewe. Hakuteswa." Akatoa bahasha ya khaki. "Iko makucha, ya mikono na ya miguu. Na nywele ya huku nyuma."

Mama alipokea bahasha kwa mikono miwili. Alilia kwanza, kisha akamshika uso. "Weye njo mutoto wangu sasa," akamwambia. "Huyu mwengine nilimuzaa tu na maumivu, weye nimekupata bure." Hata mimi nilicheka katikati ya machozi. Jumapili iliyofuata lori la askari lilitupeleka makaburini, na rafiki yangu akatuonyesha tuta jipya lenye msalaba wa mbao usio na jina bado. Mama akalifagia kwa kitenge chake akiongea na baba kwa Kiluba cha Kasai, taratibu, akimpa habari za nyumbani. Nilimshukuru rafiki yangu hadi akaangalia pembeni. Nilidhani ana haya.

Siku chache baadaye daktari mwenyewe alikuja kunichukua kutoka kambini. Alikuwa na barua ya kupita, alitoka kwenye jumba lake la mtaa wa Golf kila asubuhi akizunguka njia ndefu ili kunipakia, na jioni akinirudisha. Nilimwona ni mtu mwema. Mitungi ilikuwa imerundikana. Wa kwanza kwenye foleni ulikuwa na visigino viwili vya mtu mmoja, na kwenye lebo yake namba na umri tu, karibu sitini.

Nilianza na cha kulia. Nikatia nukta, nikakata dadu nne. Ya kwanza nikaiweka, nikamimina mchanga, kengele ikakataa. Nikamimina tena. Ndoo ilijaa, ikabidi nitafute nyingine. Katika miaka miwili sikuwa nimeona mfupa wa ndani wa mtu wa umri ule ukishikilia namna hiyo. Nilimwita daktari, tukasimama wawili tukishangilia kama watu waliowekeana dau juu ya jogoo. "Huyu alikuwa mbeba mizigo," nikasema. Kengele ilipolia hatimaye, tulipiga makofi. Dadu zote nne zilikuwa hivyo. Niliziandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Kesho yake nikachukua cha kushoto. Msumeno ulikwama katikati. Nikausukuma, jino likavunjika. Nikapanua ule mwanya kwa koleo, nikaona kipande cha chuma kidogo kama punje ya mchele, na mfupa umekizunguka ukawa wa rangi ya kutu.

Baba yangu alikuwa na chuma katika kisigino cha kushoto. Kilimruka kutoka kichwa cha nyundo wakati wanapigilia msumari wa reli, kabla sijaanza shule. Nesi akashona juu yake na baba akarudi kazini. Jioni alikuwa akinipa mguu nimbonyeze hapohapo, na nilikuwa nakijua mahali kilipo hata nikiwa nimefumba macho. Nilikaa chini kwenye saruji. Nilikumbuka tu kwamba jana nilipiga makofi.

Rejista ilikuwa mezani. Mwanamume, karibu sitini, mfanyakazi wa reli. S.F. Mwandiko ulikuwa ule niliokuwa nakopi hesabu zake shuleni.

Nilimkuta nje ya chumba cha maiti, kwenye bomba, anajaza ndoo. Nilimwekea rejista mbele ya macho, maji yakimwagika miguuni mwetu. Hakujifanya kwamba haelewi.

"Bale bavijana banakuya kila asubuhi kusoma rejista," akasema. "Kama ninaandika iko na famille, banauliza famille ni nani, inaishi wapi, inatumika wapi. Ningeliandika jina lako. Ungelikuwa umekufa."

"Na kisigino?"

"Yenye iko S.F. dokta anakata. Mi siko dokta."

"Na kaburi?"

Akafunga bomba. "Ba S.F. banazikwa pamoja, shimo moja. Mama alikuwa analia. Nilimuonyesha fasi ya kulilia."

Nilimshika kola. Nilikuwa nimepanga kumpiga na bado sijui kwa nini sikumpiga. Nikamwambia angeniambia, hata kwa neno moja, hata kwa kunikanyaga mguu, nami ningeuweka mtungi ule kando.

"Saa gani?" akauliza. "Myaka mbili ninakuletea bantu. Hukuniuliza hata mumoja alikuwa nani. Ulikuwa unaniuliza tu kama iko bengine."

Nikamwachia. Hasira yangu haikupungua, ilikosa tu mahali pa kutua. Nikamuuliza swali la mwisho, lile nililoogopa: kucha zile ni za nani.

"Ya baba. Naapa. Nilimukata mbele dokta hajafika."

Alikuwa anatazama macho yangu. Lakini hata pale makaburini, akionyesha tuta la mtu asiyemjua, alikuwa ametazama macho ya mama. Mimi niliyeweza kukuambia kutokana na kipande cha sentimita moja mtu wake alisimama vipi, nilirudi kambini nikafungua ile bahasha kwa siri nikaangalia kucha moja baada ya nyingine, na hazikuniambia chochote. Huo ndio ubaya alionifanyia. Alinidanganya juu ya kaburi, na kwa sababu hiyo akaniibia uwezo wa kumwamini juu ya kucha, ambazo huenda alizikata kweli kwa heshima zote, amepiga magoti kando ya kitanda.

Kwa daktari nilikwenda asubuhi yake. Nilimweleza kwa Kifaransa changu safi, nimesimama wima. Alivua miwani, akanipa pole, na nadhani pole yake ilikuwa ya kweli. Alisema sheria ilivunjwa bila yeye kujua. Kisha nikaona macho yake yakihama kutoka kwangu kwenda kwenye daftari.

"Alikuwa na kilo ngapi?" akauliza kwa upole. "Alikuwa anabeba begani au kichwani? Kwa miaka mingapi?" Hakuwa na ubaya. Kwa mara ya kwanza alikuwa amepata mfupa ambao maisha ya mwenyewe yanajulikana, na hakuweza kujizuia.

Nami nikajibu. Hilo limenichukua miaka mingi kulikubali. Nilimwambia kilo za baba, nikamwambia begani, mataruma ya reli, watu wawili kila taruma ila yeye alikuwa anabeba peke yake, nikamwambia miaka. Nilitaka iandikwe mahali kwamba alikuwa na nguvu. Daktari aliandika yote, akanishukuru, akauliza kama cha kushoto bado kinaweza kukatwa.

Nilikichukua cha kushoto, na unga wa zile dadu nne za kulia, nikavifunga katika kitambaa. Nilivizika mwenyewe ukingoni mwa lile shimo la pamoja, mchana, nikiwa na koti jeupe ili nisiulizwe kitu. Sikurudi tena maabara. Ndoo, wenzo na kengele nilimwachia daktari.

Mama sikumwambia. Kila siku nilisema kesho. Rafiki yangu aliendelea kuja kambini na sabuni na chumvi, na kila mara mama alimtengea firigisi ya kuku, pale kuku alipopatikana, kipande ambacho nyumbani kwetu kilikuwa cha baba. Alikula akiangalia chini. Mimi nilikula upande wa pili wa sufuria hiyohiyo, na mama alituangalia wote wawili kwa furaha ya mtu aliyebakiwa na kitu.

Treni za kuwarudisha watu Kasai zilipoanza, jina la mama lilikuwa kwenye orodha ya mwanzo. Mimi nilibaki kusubiri zamu yangu, ambayo mwisho haikufika. Rafiki yangu alikuja stesheni kumbebea mizigo. Nilikuwa nimeapa usiku kucha kwamba nitasema hapo: kwamba kaburi ni la mtu mwingine, kwamba bahasha iliyofungwa ndani ya kitenge chake inaweza kuwa na kucha za yeyote, na kwamba aende akijua.

Mama aliweka kifurushi chini, akamshika rafiki yangu bega, akanigeukia mimi.

"Kule bazee bataniuliza nani alikata," akasema. "Nitabaambia ni mutoto wangu. Bakisema huyu haiko wa damu, nitasema ndugu yake alikubali. Sitakuwa nimesema uongo, si njo vile?"

Rafiki yangu alinitazama. Hakuomba kitu, wala hakutikisa kichwa. Alisubiri tu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kukubali kupigwa. Nilimfikiria mama peke yake ndani ya behewa kwa siku zile zote, na bahasha asiyejua ni ya nani. Nilifikiria wazee wakimrudisha nayo.

"Njo vile, mama," nikasema.

Akatubusu mikono, kwanza ya yule, kisha yangu. Akapanda, akapata nafasi dirishani. Treni ikaondoka na mama yangu, amedanganywa na watoto wake wote wawili, akitupungia kitambaa mpaka njia ilipopinda.